Sahihi ya Tatu

Kee Tohannie aliingia mkutanoni amekumbatia vigingi kifuani kama mtu aliyetoka kuokota kuni, akavibwaga juu ya meza ya chakula. Sufuria ya mchuzi wa kondoo ikapinduka, mchuzi ukatiririka hadi kwenye karatasi za Lorinda Etsitty, na watu wa Chemchemi ya Mbayuwayu, ambao walikuja kula kwanza ndipo wasikilize habari za maendeleo, wakaguna kwa uchungu.

"Haya, chukueni meno yenu," Kee alisema. "Nimeyang'oa yote. Mkipanda mengine, nitang'oa mengine."

"Si ungengoja tushibe, mwanangu," Bibi Elouise Cly alimwambia kutoka mstari wa mbele, bakuli tupu mkononi. "Ugomvi haupoi. Mchuzi ndio unapoa."

Watu wakacheka. Kee hakucheka, na Lorinda alikuwa anafuta karatasi zake kwa upindo wa sketi.

Karatasi hizo zilikuwa maombi. Serikali ilikuwa imefungua mlango wa ubia: kabila lijenge hospitali kwa fedha zake, na serikali ilete madaktari, wauguzi, dawa na mishahara kwa miaka ishirini. Wanaoomba ni wengi, wanaochaguliwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Lorinda alikuwa ameyafukuzia maombi hayo tangu aliporudi kutoka Phoenix, akipigwa danadana kutoka ofisi hadi ofisi, na sasa kitongoji kilikuwa kimebakiza hatua ya mwisho. Serikali ingemtuma mtu wa kuukagua uwanja, na mtu huyo alitakiwa kuondoka na ridhaa ya wenye ardhi ndani ya mkoba wake. Bila ridhaa hiyo, maombi yote ni ya kuwashia moto.

Kwetu ardhi haiuzwi wala hainunuliwi. Mwenye neno ni mwenye kibali cha malisho. Kibali cha lile bonde tambarare, bonde pekee lenye maji na lililo karibu na lami, kiliachwa na mama wawili, ndugu wa tumbo moja, na warithi wao walikuwa watatu: Lorinda, kaka yake mdogo ambaye kila mtu alimwita Mrefu, na Kee. Zilitakiwa sahihi tatu. Mbili hazitoshi.

Na msidhani Kee alikuwa mtu baki. Kwa sisi Wanavaho watoto wa dada wawili ni ndugu, basi, hakuna cha binamu. Tena Kee alifiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa na mama wa Lorinda. Walikula sahani moja na kuchapwa kwa fimbo moja. Ndiyo maana Lorinda akafanya kosa ambalo mgeni asingelifanya. Mgeni angekwenda kwa Kee na kahawa na mfuko wa unga, akaketi, akazungumzia mvua, akaomba. Lorinda hakuomba. Aliona ndugu haombwi, anajulishwa. Akaleta wapima ardhi, wakapigilia vigingi vyao vyenye vitambaa vya rangi ya chungwa, na Kee akaviona akiwa nyuma ya kondoo wake, kabla hajasikia neno kwa mtu yeyote.

"Keti tuongee, ndugu yangu," Lorinda alisema sasa.

"Vigingi vimeshaniongelesha." Kee alikuwa mtu mfupi, mnene wa mabega, nywele zake amezifunga kisogoni kwa uzi mweupe kama wazee wetu. "Mlikwenda mjini nyote wawili, mkapigwa na viyoyozi. Nani alibaki hapa theluji ikimfika kiunoni, akifukua kondoo wa mama kwa mikono yake? Mimi! Leo mmerudi na karatasi, mnanipimia zizi langu kwa kamba."

Alikuwa na haki, na wengi ukumbini walilijua hilo. Lorinda mwenyewe alilijua. Kama angesimama wakati ule akasema nimekosa, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini Mrefu alikuwa ameshasimama upande wa pili wa meza.

"Mwacheni," Mrefu alisema. "Msimuudhi dereva."

Kila mtu alilielewa neno hilo. Mama wa Lorinda alikuwa amekufa masika ya mwaka uliopita. Kifua kilimbana, na Kee ndiye aliyempakia kwenye pikapu kumkimbiza hospitali ya mbali, njia ya udongo, matope hadi kwenye vitasa. Alikata roho kabla hawajaiona lami. Pikapu ile imesimama pale pale kando ya njia hadi leo, ufunguo umening'inia ndani. Mahali mtu alipofia hapatumiki tena kwetu, iwe nyumba, iwe gari, iwe kitanda. Kuna kitu cha marehemu hubaki pale, na hakimtakii mema aliye hai. Hata wezi wetu, ambao hawaogopi polisi, hawajaigusa pikapu ile.

"Ulimuua mama kwa mwendo wako wa kobe," Mrefu aliendelea. "Sasa unataka watu wote wafie njiani, usiwe peke yako."

Kee aliokota kigingi kimoja mezani na kumchapa nacho mdomoni. Meno mawili yaliruka. Mrefu akaipanda meza, akamrukia, wakaanguka juu ya viti, viti vikavunjika chini yao. Lorinda alijitia katikati akapigwa kiwiko cha jicho, na hakuwahi kujua kilikuwa cha nani. Wanaume wanne walihitajika kuwatenganisha, na mmoja wao alitoka na kidole kilichoteguka. Mbwa wa nje waliona mlango uko wazi, wakaingia, wakalamba mchuzi na damu bila kubagua.

"Tazameni," Bibi Elouise alisema, akiwapiga wote wawili kwa fimbo yake, popote ilipofika. "Mbwa wanagombania nyama. Nyie mnagombania nini?"

Nyumbani, Lorinda alimkanda kaka yake mdomo kwa maji ya chumvi. Jicho lake mwenyewe lilikuwa limefumba. Karatasi zilikuwa zimeanikwa juu ya jiko, zinanuka kondoo.

"Unataka nimwache hivi hivi?" Mrefu aliuliza, maneno yakimtoka kwa mapengo.

"Nani kakwambia umwache?"

Alisema hayo tu. Lakini alijua anasema na nani, na alijua anachokisema.

Kee alikuwa na farasi dume wa kijivu, aliyemlea kwa chupa tangu mama wa farasi yule alipoliwa na mbwa mwitu. Mrefu alimpiga risasi ya tumbo makusudi, si ya kichwa, na yule mnyama alichukua asubuhi nzima kufa, akigaragara kwenye vichaka huku Kee anamtafuta kwa kufuata mlio wake. Bunduki ya Kee ndiyo iliyomaliza. Halafu akamfunga mnyororo shingoni, akamburura nyuma ya gari kupita dukani, kupita shuleni, kupita ukumbi wa mkutano, hadi mlangoni kwa Lorinda. Ngozi ya upande mmoja ilibaki barabarani.

Akabisha hodi kwa adabu.

"Dada," alisema Lorinda alipofungua, "nimekuletea nyama ya wageni wako wa serikali."

Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba. Akafungua mnyororo, akaukunja vizuri, akaenda zake. Lorinda alifunga mlango. Aliona aibu hadi ikamuuma mwilini, na bado, nisimfiche, kipande kimoja cha moyo wake kilifurahi kwamba Kee alikuwa amelia. Hasira ikishamwingia mtu inamfanya hivyo. Hata wakati huo angeweza kwenda na kahawa na unga. Badala yake aliwaita tena wapima ardhi, vigingi vikarudi, na akampa Mrefu mtaimbo wa kuvikazia na kuvilinda.

Bi Halvorsen wa idara ya afya alikuja asubuhi ya upepo, peke yake, kwenye gari jeupe lililokuwa jekundu kwa vumbi kabla hajazima injini. Alikuwa mama wa makamo, mpana, aliyewahi kuwa muuguzi wa majeruhi kabla ya kupelekwa kwenye ukaguzi. Aliwapa watu mkono taratibu, bila kubana, kama tunavyopeana sisi, na Lorinda akampenda kwa hilo. Walizunguka uwanja pamoja. Hapa maji, pale lami, pale nguzo za umeme. Bi Halvorsen alitikisa kichwa kwa kuridhika kila walipogeuka.

"Nimekagua viwanja vingi," alisema. "Hiki ni kizuri. Nina sahihi mbili. Ya tatu iko wapi? Orodha inafungwa, siwezi kurudi tena."

"Inakuja," Lorinda alisema.

Alidanganya. Alitumaini kwamba Kee atawaona watu wamejaa, wazee kwa watoto, Bibi Elouise na beseni lake la mikate ya kukaanga, na ataona haya. Wakati mwingine ndugu anafanya kwa haya lile alilokataa kulifanya kwa hiari.

Gari la Kee halikuja kwa barabara. Lilitokea juu, upande wa chemchemi, likashuka moja kwa moja kwenye mstari wa vigingi, na kuanza kuvilaza kimoja baada ya kingine. Vitambaa vya chungwa vikapotea chini ya magurudumu. Watu wakatawanyika, kahawa ikamwagika. Mrefu alitupa mtaimbo wake akakimbia, hatua zake ndefu, akadandia mlango wa gari linalokwenda. Akaingiza mkono dirishani, akashika kile kishungi cha nywele chenye uzi mweupe, akamvuta Kee kwa nywele hadi wakaanguka wote chini. Gari likaendelea bila mtu, likatumbukia kwenye korongo dogo, likazimika.

Kumshika mwanamume nywele hizo ni jambo ambalo hata maadui hufikiri mara mbili. Uzi ulikatika, nywele zikamfunika Kee usoni, na akapigana kama asiyeona. Alimtia Mrefu kidole jichoni. Mrefu akamng'ata sikio, akatema kipande. Waliviringika kwenye mavumbi, wakipigana ngumi za karibu zile zisizo na sauti, na wanaume waliojaribu kuwaachanisha walirudi wakishika mbavu. Mwisho Mrefu akawa juu. Alimkalia Kee kifuani, akazoa udongo kwa viganja vyote viwili, akamsokomeza mdomoni.

"Kula!" alipiga kelele. "Si ni yako? Kula ardhi yako!"

Bi Halvorsen alimshika Lorinda mkono. "Mzuie," alisema. "Mzuie, tafadhali."

Lorinda akasikia sauti ya mwanamke ikipasua upepo, "Mlishe! Mlishe yote!", na ikamchukua kitambo kutambua kwamba sauti ni yake.

Mkono wa Kee ulikuwa unapapasa chini, unatafuta jiwe. Ulipata mtaimbo. Aliuzungusha akiwa amelala vile vile, ukamwingia Mrefu ubavuni, na waliokuwa karibu walisikia mbavu zikikatika. Mrefu akaangukia upande, akajaribu kupiga magoti. Kee alisimama akampiga tena, mgongoni, kwa mikono miwili, kwa nguvu zote za mtu aliyeburura farasi wake mwenyewe. Halafu akabaki amesimama, mdomo umejaa tope jekundu. Akatema. Akautazama ule mtaimbo kana kwamba mtu amempa amshikie, akauachia.

Bi Halvorsen alikuwa ameshapiga magoti, amechana shati, ameweka sikio kifuani. Kazi yake ya zamani ilimrudia mara moja.

"Mbavu zimeingia kwenye pafu," alimwambia Lorinda. "Na mgongo, sijui. Asisogezwe hata kidogo. Akisogezwa atakufa. Akitulia na helikopta ikifika, anaweza kupona. Umenielewa? Anaweza kupona." Alikuwa ameshapiga simu. Helikopta ilikuwa tayari, inangoja upepo upungue.

Watu walikuwa wamesogea, na sasa walianza kunong'ona. Bibi Elouise ndiye aliyesema waziwazi, kwa lugha yetu.

"Mtoeni hapo."

"Mama, haiwezekani," Lorinda alisema. "Tukimsogeza anakufa."

"Nimeusoma uso wa huyo mama, sihitaji kujua maneno yake. Atakufa tu, mwanangu. Akifia hapo hakuna hospitali. Nani ataleta mtoto wake alale juu ya mahali hapo? Mimi siji. Hata niwe nakata roho, nitakatia kwangu."

Wengine wakaitikia. Hawakuwa wakatili, na msiwafikirie hivyo. Walikuwa wanalia huku wanasema. Damu si kitu, mvua ingeiosha. Kufa ndiko kusikooshwa.

"Wanasemaje?" Bi Halvorsen aliuliza.

"Wanaomba," Lorinda alisema.

Akapiga magoti upande wa pili wa kaka yake, akawatazama watu wake wote, wale aliowapigania kwenye ofisi za watu. "Anayemgusa nitamuua," alisema. "Hospitali na iende zake."

Alimaanisha. Miaka yote ile, barua zote zile, alivitupa kwa sentensi moja, na wala hakusikia uzito. Alitaka kifua kile kiendelee kupanda na kushuka.

Lakini Mrefu alikuwa amesikia. Jicho lake moja lilikuwa limejaa damu, la pili lilikuwa wazi. Huyu ndiye aliyekuwa akizicheka habari hizi. Alipenda kusimulia kwamba huko Phoenix alipanga chumba walichofia watu watatu, na wasumbufu pekee walikuwa mende. Sasa alijigeuza kifudifudi, akachomeka kiwiko ardhini, akajivuta.

"Unakwenda wapi?" Lorinda alimshika bega.

"Nje."

"Tulia! Helikopta inakuja."

"Sikiliza upepo, dada." Povu la damu lilimtoka kwenye mapengo. Akajivuta tena. Miguu yake haikumfuata vizuri, mmoja ulikuwa umelegea kabisa.

Lorinda alimlalia mgongoni kumzuia, akakumbuka mgongo, akateleza akamkumbatia kiunoni. Mrefu alimpiga kiwiko cha nyuma, kikampasua mdomo. Akakaza mikono. Mrefu akajikunja akamng'ata kiganja mpaka kwenye mfupa, na Lorinda, kwa maumivu na kwa hasira ya kuachwa, akampiga kaka yake anayekufa ngumi ya kichwa. Walipigana hivyo kwenye mavumbi, dada na kaka, mbele ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kuwagusa.

"Niache!" Mrefu alilia. "Mtapaacha kama pikapu ya mama. Lorinda, niache. Mtapaacha hivi hivi, na mama atakuwa amekufa bure."

Hapo alimwachia. Alikaa kitako, akamtazama akijivuta peke yake, kiwiko, kiwiko, pumzi inamkoroma, mchirizi mweusi nyuma yake. Hakuweza kutazama zaidi. Alisimama, akamwingiza mikono kwapani.

Bi Halvorsen alipiga kelele, akamvuta nguo. Lorinda alimsukuma kwa kifua, yule mama akaanguka chali na miwani yake ikaruka. Lakini Mrefu hakuitwa Mrefu bure. Lorinda alimwinua mabega tu, makalio hayakutoka chini. Akavuta, akateleza. Akavuta tena. Ndipo uzito ukapungua ghafla, na alipotazama aliona Kee ameshika miguu. Nywele zilikuwa zimemwagika usoni, sikio linamvuja, meno bado mekundu kwa udongo.

"Inua," Kee alisema.

Wakainua. Mrefu alipiga ukelele uliowafanya kina mama wazibe masikio ya watoto, akaendelea kupiga ukelele hatua kwa hatua, na mimi siwezi kuusimulia. Walipofika kwenye kitambaa cha chungwa kilichofukiwa na gurudumu Lorinda alitaka kumlaza.

"Bado," Kee alisema. "Hicho kimeburutwa na gari. Mpaka ulikuwa kwenye kile kichaka. Mimi ndiye niliyeng'oa kigingi chake mara ya kwanza, najua."

Wakaenda hadi kwenye kichaka, wakakipita, wakaongeza mwendo mwingine wa kuhakikisha, wakamlaza. Ukelele ulikuwa umekatika. Mrefu alifumbua jicho lake zima, akawaona wote wawili wamemwinamia, kama zamani walipokuwa wakimwamsha kwenda kuchunga.

"Mmenilaza juu ya sisimizi," alisema. "Wajinga nyie."

Akafa.

Tangu hapo jina lake halikutajwa, hata lile la utani, kama ilivyo desturi yetu kwa marehemu. Watu walirudi nyuma mara moja, wakageuza nyuso. Waliobaki naye walikuwa wawili tu, na sisimizi kweli walikuwepo. Kee aliwapangusa kwa kofia yake, mmoja mmoja, hadi polisi alipofika.

Helikopta haikuja. Upepo ulizidi. Polisi alikuwa Emerson Nakai, mtu wa ukoo wetu, na alipomfunga Kee pingu alimfunga kwa mbele, taratibu, akamwita mjomba. Bi Halvorsen alikuwa amekaa ndani ya gari lake, mlango wazi, mchanga kwenye nywele, mikono imejaa damu iliyokauka.

"Angeweza kupona," alimwambia Lorinda.

"Najua."

"Nitaandika nilichokiona. Chote."

"Andika. Na uandike kwamba hakufia uwanjani."

Yule mama alimtazama usoni. Nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumchukia na hakumpata. "Kwa vyovyote sina cha kupeleka," alisema mwisho. "Sahihi ya tatu hakuna."

"Leteni hiyo karatasi," Kee alisema kutoka kwenye gari la polisi.

Akayarudia maneno hayo, kwa sauti ile ile.

Lorinda alitoa karatasi kwenye mkoba wa Bi Halvorsen kwa mkono wake ulioumwa, akaenda nayo. Alimchukia Kee hadi taya zikamuuma. Alitaka kumtafuna. Na wakati huo huo, Mungu amsaidie, huyu ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani, na alitaka aweke kichwa chake kwenye bega lile nene alie. Aliapa moyoni kwamba hatamsemesha tena maisha yake yote. Neno moja asimpe.

Emerson alimtoa Kee garini. Waliweka karatasi juu ya boneti, lakini boneti lilikuwa limejaa mchanga, na kalamu ikaitoboa karatasi kwa mguso wa kwanza tu. Upepo ukaipiga, nusura uichukue.

"Panatakiwa kitu laini," Emerson alisema.

Lorinda akageuka, akainama, akampa Kee mgongo.

Karatasi ilitandazwa katikati ya mabega yake. Pingu zilikuwa baridi, zikimgonga uti wa mgongo kila mkono uliposogea. Kee aliandika polepole, kama alivyoandika siku zote, kama mtu asiyetaka kuharibu daftari la mwenzake. Lorinda aliisikia kila herufi ya jina lile ikipita juu ya ngozi yake, na akauma mdomo wake uliopasuka ili asipige kelele. Halafu kalamu ikasimama.

"Dada," Kee alisema. "Leo tarehe ngapi?"

Emerson alikuwa anatazama viatu vyake. Bi Halvorsen hakujua lugha yetu. Watu walikuwa mbali, wamegeuza nyuso, na karatasi isiyo na tarehe isingepokelewa na ofisi yoyote duniani. Kalamu ilikuwa bado imemgusa mgongoni, inangoja.

Lorinda alitema damu, akamwambia.